Nesi Aliyekuja Badala Yangu

Korogwe,
11 Agosti 1974

Kwa mama yangu mpenzi, Mwantumu,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limeacha kukusumbua, na mdogo wangu Hamisa na mwanawe mchanga hawajambo. Mimi mwili wangu hauna neno. Wasalimie majirani wote hapo Kwaluguru, hata yule aliyesema manesi wa mjini hawajui kutwanga. Hakukosea sana.

Barua yako niliipokea kwa dereva wa lori la mahindi. Umenieleza jinsi uchungu wa Hamisa ulivyokuwa mgumu, na jinsi nesi wa zahanati yenu mpya alivyokaa naye mpaka mtoto akalia, kisha akazifua nguo zote kwa mikono yake. Unasema anaitwa Lea, Mshambaa wa Lutindi, mmempa chumba cha uani, na Kizigua chake kinawavunja mbavu. Unasema ndiye anayekusomea barua na kukuandikia. Ulimwamuru aandike kila neno, naye ameandika, ila sifa zake naona amezifupisha. Nilicheka, halafu nikalia. Mwandiko ule naujua, mama.

Nilifanya kazi na Lea hapa hospitali, wodi ya wazazi. Alikuwa na tabia moja: akimaliza zamu, haondoki kabla ya kuwachemshia sindano wanaoingia. Sisi wengine tukamwiga. Mtu akiugua, mwenzake alimshikia zamu bila kuombwa. Nilipolala na homa mwaka jana, Lea alinishikia yangu, akaniletea na uji chumbani.

Siku hizi ukiingia zamu unakuta sufuria kavu. Tunatazamana kwa jicho la pembeni, na kwenye chai mtu akitokea tunanyamaza. Juzi mzazi mmoja aliniuliza kama tumefiwa. Nikamwambia hapana, lakini nilijisikia vibaya kutwa nzima.

Uliwahi kuniuliza kwa nini sikuletwa mimi, mtoto wa huko, nikakujibu kwamba matroni hakukubali kuniachia. Mama, nilikudanganya. Matroni aliniita mimi kwanza. Alisema kijiji ni kwetu, lugha naijua, na kina mama wataniamini. Nikaomba muda wa kufikiri. Niliogopa kuchota maji na kwenda shamba la kijiji na jembe begani, mimi niliyezoea viatu vyeupe na taa ya kubonyeza ukutani. Naona aibu kuliandika hili kwako uliyenilea kwa jembe hilohilo.

Siku hizohizo maneno yakazagaa wodini kwamba Lea anapeleka siri zetu kwa matroni. Wenzangu wakamtenga. Akiomba mtu wa kumsaidia kumgeuza mgonjwa, hapati. Matroni alipouliza nani aende Kwaluguru, wote tukamtaja yeye. Asubuhi ya kuondoka alinikuta mlangoni, akanishika mkono, akaniambia, “Mwaija, sindano zako nimeshazichemsha.”

Sasa niwie radhi, mama, niseme na anayekusomea. Dada Lea, usiruke hapa. Hukuwahi kujua maneno yale yalianzia wapi. Yalianzia kwangu. Niliyatunga mwenyewe, nikamnong’oneza huyu na yule, ili uondoke wewe nibaki mimi. Hayakuwa na ukweli hata chembe. Nawe umekuja ukamzalisha mdogo wangu, na ukamwambia mama yangu kwamba mimi ni mtu mwema.

Jana niliwaambia wenzetu wote chumba cha chai, kisha nikaenda kwa matroni. Wengine hawanisemeshi, na wana haki. Matroni amesema ukitaka kurudi, nitakuja kushika nafasi yako. Ukitaka kubaki, hakuna atakayekuondoa. Uchague unavyopenda. Mimi mzigo wangu nimeshaufunga.

Mama, akiwa amesita kusoma, mpe maji, usimharakishe. Na akikataa kuendelea, usimlaumu. Mkemee mwanao, si yeye.

Mbusu mtoto wa Hamisa kwa niaba yangu. Msamaha wako nauomba, ingawa najua hauwezi kutangulia wake. Nangoja majibu yenu. Yakija kwa mwandiko wa mtu mwingine, nitaelewa.

Ni mimi mwanao,
Mwaija