Gofu Imenila Mikono, na Satini Inangoja

Dukani kwangu,
mkabala na kituo cha mafuta,
Jumatano, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Pokea salamu nyingi kuliko nyuzi zote za duka hili. Hujambo huko uliko? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Unakula vizuri, au bado unashindia chai na mkate kama nilivyokukuta? Na wenzako wa kiwandani je? Sisi huku wazima. Mama yako hajambo, goti linamsumbua kwenye ngazi tu. Mkaza mjomba wako hajambo, na sauti yake nayo haijambo, inafika mpaka kwa mafundi wa ng'ambo ya barabara. Mimi mwenyewe ni mzima kuanzia utosini hadi vifundo vya mikono. Kutoka hapo kwenda mbele ndiko kwenye habari.

Mwandiko usikushangaze. Naandika mstari mmoja, nainuka, naizunguka meza ya kukatia, narudi. Kalamu nimeiviringishia matambara mpaka imenenepa kama mchi, maana nyembamba gumba halitaki kuiona. Kukaa siwezi, kusimama siwezi, usingizi wenyewe wa mang'amung'amu.

Unajua dada yako, binti yangu, anaolewa mwisho wa mwezi ujao. Na unajua nilivyotangaza mbele ya ukoo mzima, tangu akitambaa chini ya cherehani akiokota vifungo, kwamba gauni lake la harusi halitakatwa na mkono mwingine ila huu wangu. Satini aliinunua mama yako. Nyeupe, inateleza kama maji, na duka alikoinunua limeshafungwa. Ni kipande kimoja. Ukikosea, umekosea.

Sasa sikiliza. Wazazi wa kijana walipokuja kujitambulisha, baba mtu, ambaye ni meneja wa bohari, akasema yeye kila Jumamosi yuko kwenye gofu. Sebule nzima ikanyamaza kwa heshima. Mimi na kimya, si unatujua? Nikamwambia gofu ndiyo mchezo wangu, na kwamba mpira mmoja niliupiga mwaka juzi mpaka leo haujashuka.

Akapiga makofi. "Kumbe nimepata mwenzangu! Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza wote, mzazi mwenzangu!"

Dada yako akaniangalia kwa lile jicho la kumpima mtu kiuno bila tepu.

Ni kweli fimbo yenyewe nilikuwa sijaishika. Lakini nikajiuliza, mtu aliyeshika mkasi wa chuma tangu ndevu hazijaota atashindwa na kijiti? Nikaazima fimbo kwa mteja mmoja ninayemshonea suruali, nikatandika kipande cha kapeti juu ya saruji nyuma ya duka, nikaanza. Sindano, nilipiga! Kunguru wa mtaa huu wamehama. Fundi baiskeli alidhani ni radi, akaingiza baiskeli zote ndani.

Shida ni kwamba niliishika fimbo kama mkasi wa kukatia jinzi: gumba limekandamiza, meno yamekazwa. Na mara nyingi kabla ya mpira nilikutana kwanza na saruji. Ule mtikisiko unaanza kiganjani, unapita kwenye kiwiko, unakwenda kubisha hodi kwenye magego.

Tena kulikuwa na habari ya glavu. Wachezaji huvaa glavu mkono mmoja. Ya dukani niliiona, nikaidharau, laini kama soksi ya mtoto. Nikajishonea yangu kwa ngozi iliyobaki kwenye masofa, mishono miwili miwili, ile ya kudumu hadi kwa wajukuu. Ilinibana kisawasawa. Nikasema huo ndio ubora.

Baada ya siku chache kiganja cha kushoto kilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka. Gumba la kulia limevimba, na kila nikilikunja kuna kitu kinavutwa mpaka kwenye kifundo. Nikapaka mafuta, nikaendelea. Mwanamume haachi kazi kwa sababu ya lengelenge.

Siku moja nikaenda uwanjani kwenyewe kujipima. Mwalimu wa pale akanitazama nikipiga, kisha akaniuliza, "Fundi, unamnyonga nani?"

"Naushika mchezo," nikamjibu.

"Legeza. Fimbo inalala kwenye vidole, hailali kiganjani. Ishike tu isianguke. Na hiyo glavu amekushonea nani?"

"Fundi bingwa wa mji huu."

"Mwambie aivae yeye."

Akanivua, akaigeuza. Lo! Mishono yote ile mizito nilikuwa nimeielekeza ndani, kwenye nyama, na ngozi ilivyo nene ilinilazimisha nibane zaidi. Mimi, Sindano! Mimi niliyekuwa nakufinya sikio ukiacha mshono wa kola ukikwaruza shingo ya mteja! Nilitamani ardhi inimeze na fimbo ya watu.

Akanishauri nipumzishe mikono kabisa, na nikirudi nianze na vipigo vichache kwenye nyasi, siyo kwenye saruji. Zahanati nao wakanibinya gumba, nikaruka kidogo tu, na muuguzi akasema mshipa umevimba. Nisibane kitu chochote kwa wiki kadhaa. Nikamuuliza mkasi je. Akasema mkasi ndio usiuguse kabisa.

Sikumsikiliza. Juzi nilichukua bafta la majaribio, nikachora kwa chaki mstari ulionyooka kama reli. Mkasi ukafunguka vizuri. Kuufunga ndipo niliona nyota mchana. Mstari ukaenda upogo. Nikasema basi hata niipapase satini kidogo, niizoee. Kiganja kikanasa, uzi mmoja ukavutika. Ni kwenye ukingo, mshono utaufunika. Lakini mkono niliuondoa kama aliyegusa pasi ya moto.

Nilipogeuka dada yako amesimama mlangoni.

"Baba, hiyo ni mikono au viazi?"

Tukacheka. Kisha akaacha kucheka, mimi nikaendelea peke yangu kidogo. Akaikunja satini, akaifunga ndani ya shuka.

"Kwa hiyo nani atakata?"

Mkaza mjomba wako akadakia kutoka ndani, "Apelekewe Pambo!" Pambo ni huyu fundi wa ng'ambo, ambaye kila shati lake lina mkono mmoja wa kaka na mwingine wa mdogo mtu.

Dada yako akasema, "Akikata Pambo nitalivaa, Baba. Sitagombana na mtu." Akatoka nalo furushi. Ni afadhali angegombana.

Mzazi mwenzangu nimempigia simu. Nimemweleza kuwa nguvu zimenizidi, fimbo imeanza kujipinda. Akacheka mpaka akakohoa. "Gumba? Karibu chamani! Mimi mwaka wa kwanza mke wangu ndiye aliyekuwa ananifunga vifungo." Jumamosi hiyo nitakwenda nimbebee mwavuli, na hajawahi kubebewa mwavuli namna hiyo. Kwa hiyo la gofu limekwisha.

La satini ndilo halinipi usingizi. Ulisema utakuja siku ya harusi yenyewe. Njoo kabla, mpwa wangu. Omba ruhusa kiwandani, waambie mjomba anakuita, na huyo si mjomba wa kuitikiwa kesho. Mkono wako nimeufundisha mimi, kwa hiyo ni mkono wangu uliosafiri tu. Gauni likikatwa na wewe, kiapo changu hakijavunjika. Watu nitawaambia ni wewe uliyenibembeleza nikuachie, na wewe utaitikia kwa kichwa.

Hapo juu nimeongea mengi, umenizoea. Hili moja liweke kando ya hayo: siwezi kukata. Nimejaribu tena leo asubuhi, duka likiwa bado limefungwa. Siwezi. Njoo umkatie dada yako.

Mama yako anakusalimu, anasema ulete dawa ya goti. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anasema uje na tumbo tupu. Fundi baiskeli naye anakusalimu. Dada yako sijamwambia kwamba nimekuandikia, nasubiri jibu lako kwanza.

Mungu akuepushe na baridi, akuongoze njiani, na mikono yako aiweke mizima mpaka ufike.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kukupenda na kukutazamia,

Fundi