Ndoo ya Selim

Jashore, 9 Agosti 2024

Mdogo wangu Nirmal,

Habari za Kolkata, na kifua chako je? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetuzidi.

Jana tulikuwa dukani kwa jirani yetu Selim tunakunywa chai, runinga ya huko kwenu Kolkata imewashwa, mara tukasikia sauti yako ukisoma habari. Watu wakafurahi: "Nirmal wetu huyo." Ukasema Waislamu wa Jashore wanachoma nyumba za Wahindu, na pichani mtu wa shati la kijani anamwaga mafuta kwa ndoo. Duka zima likamgeukia Selim. Mtu yule ni Selim mwenyewe. Nyumba ni ya mwenyekiti wa chama cha serikali iliyoangushwa juzi, Mwislamu vilevile, na ndani ya ndoo mlikuwa na maji, maana moto ulikuwa unakuja kwangu.

Sisemi sisi Wahindu hatukuogopa. Mtaa wa pili duka la Mhindu limeporwa kweli, na hilo litangazeni. Lakini Selim anatakiwa kumleta mama yake huko kwenu kutibiwa moyo. Atavukaje mpaka na uso ule?

Dada yako,
Shipra

Kolkata, 12 Agosti

Dada, shikamoo.

Kifua hakijambo. Mimi nasoma ninachopewa. Picha zinakuja hazina jina wala mtaa, mhariri anaweka maneno, na maneno makali ndiyo yanayotazamwa. Fungasha uje ukae kwangu, hayo yatapita.

Mdogo wako,
Nirmal

Jashore, 13 Agosti

Nirmal, marahaba.

Siji. Ng'ombe wangu nimwachie nani? Na kwako yatapita, kwa sababu mkuki kwa nguruwe. Selim hajakutukana hata neno. Runinga ameizima, na mama yake anasema haendi popote. Uliyemwita mchomaji kwa sauti yako, msafishe kwa sauti yako.

Dada yako

Kolkata, 2 Septemba

Dada, shikamoo. Mama Selim anaendeleaje?

Nimechelewa kwa kuwa mhariri alikuwa anagoma, mpaka nikamwambia sisomi tena habari za Jashore. Kesho jioni nitasoma kwamba tulikosea, na jina la Selim nitalitaja. Kisha wananihamishia kipindi cha mapishi. Nitapika samaki wa haradali na kulipwa, nisikitike nini? Mama afikie kwangu.

Mdogo wako,
Nirmal

Jashore, 3 Novemba

Mdogo wangu, hujambo? Huku furaha tupu.

Mama Selim amerudi salama. Anakusifu, ila anasema wali wako mbichi, mpishi wa runinga wewe.

Leo ndiyo siku ya sisi dada kuwatia ndugu zetu wa kiume alama ya liwa kwenye paji la uso ili mauti yasiwafikie. Aliye mbali hutiwa ukutani, na kwako ndivyo nifanyavyo kila mwaka. Nimeshachovya kidole, Selim akaingia kuchukua maziwa.

"Dada, siku hizi mdogo wako ni ukuta?"

Nikamwambia akae. Akakaa, nikamtia alama. Akaenda nayo dukani hivyohivyo, na kila anayemtania anamjibu, "Hii ya Nirmal. Mimi namshikia tu mpaka aje."

Ukuta nimeuacha mtupu.

Dada yenu,
Shipra