Programu Yangu ya Mfano Ilimwambia Bibi Asubiri

Shangazi Evdokia mpendwa, nakuomba unisaidie, nimesoma safu yako ya ushauri gazetini tangu nikiwa chuoni na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mimi, tena kwa jambo ambalo hata mume wangu sijamweleza lote. Majina nimeyabadilisha, pamoja na langu.

Nafanya kazi hapa Bulgaria, mjini Plovdiv, katika kampuni ya watu kumi na mmoja, tunatengeneza programu za simu kwa wateja, na kazi yangu ni ya mwanzo kabisa, yaani kabla programu haijaundwa natengeneza mfano wake, skrini za kuonyesha tu, mteja abonyeze aone itakavyokuwa, aseme hapa sawa hapa badilisha, kwa sababu kubadilisha mfano ni kazi ya saa moja na kubadilisha programu iliyokamilika ni kazi ya miezi. Mwaka jana mkurugenzi wetu, Plamen, aliniambia nichague zana moja ya kutengenezea mifano hiyo haraka, itumike kwa wateja wote, nami nikachuja mpaka zikabaki mbili. Ya kwanza inachora kama penseli, visanduku vya kijivu na mistari iliyopinda, kila anayeiona anajua huu ni mchoro, na mwenzangu Zdravka, mkongwe wa kazi hii kuliko mimi, aliitaka hiyo. Ya pili inatoa kitu kinachong'aa, chenye rangi na picha, unakiweka kwenye simu kama programu yoyote na huwezi kukitofautisha na kitu halisi. Nikachagua ya pili, Shangazi, na sababu sitaificha, wateja walikuwa wakiangalia michoro ya penseli wananuna, lakini ukiwawekea ile inayong'aa wanatabasamu na kusaini siku hiyohiyo, na Plamen ananisifu mbele ya wenzangu, nami nikapenda kusifiwa.

Mwezi wa kumi na moja tukapata mteja, shirika linalohudumia wazee wanaoishi peke yao vijiji vya juu huko kwenye milima ya Rodopi, ambako vijana wote wameondoka. Walitaka programu yenye kitufe kimoja chekundu, mzee akianguka abonyeze, muuguzi apate habari. Mfano niliumaliza kwa siku nne. Ukibonyeza kitufe, skrini inageuka kijani na kuandika, "Msaada uko njiani. Dakika 9." Nyuma yake hakuna kitu, hakiiti mtu, hakipeleki habari popote, na ile tisa niliitoa kichwani kwa sababu kumi ilionekana kama namba ya kukisia.

Zdravka aliutazama akasema, "Juu ya kila skrini andika kwa herufi nyekundu kwamba huu ni mfano, haufanyi kazi."

"Itaharibu sura," nikamwambia.

"Basi iharibu."

Sikuandika.

Mkuu wa shirika, Bi Galina, aliupenda mno, akaomba tuuweke kwenye simu sita awaonyeshe wafadhili, nami nikauweka kwa mkono wangu. Mwezi wa pili, bila kutuuliza, akazigawa simu hizo kwa wazee sita, eti wazoee kabla programu yenyewe haijafika, na sasa anasema aliwaeleza kwamba bado haifanyi kazi, labda aliwaeleza, sijui.

Jumanne moja asubuhi bibi wa miaka themanini na moja, Nedyalka, aliteleza kwenye barafu akienda kuchukua kuni, akavunjika nyonga. Mimi sikujua lolote. Siku chache baadaye Plamen alinituma kijijini kuzikusanya zile simu, akaniambia mteja ameomba marekebisho, na nilipofika kwenye lango la bibi nikakuta tangazo la msiba limebandikwa, picha yake na jina lake. Jirani yake, mzee Mitko, ndiye aliyenisimulia, akidhani natoka shirikani, na mimi sikumsahihisha.

"Nilimsikia akiita, nikapita uani," alisema. "Nikataka kupiga 112, namba ya dharura. Akaniambia, 'Acha, Mitko, nimeshabonyeza, tazama, wameandika dakika tisa.' Nikamfunika mablanketi mawili. Tukakaa."

"Mkakaa muda gani?"

"Saa moja na nusu hivi. Kila tukiangalia, tisa. Akasema barabara ina theluji, tuwape muda, tusiwasumbue watu. Mwisho akanyamaza, ndipo nikapiga." Akanitazama. "Wewe unatoka huko, hebu niambie. Zile dakika mlikuwa mnazihesabu vipi?"

Nikasema sijui. Ambulensi ilikuja, bibi akafia njiani, na simu yake polisi wameichukua. Binti yake, Violeta, amekuja kwa mazishi kutoka Ujerumani, ambako anamtunza mama mzee wa watu wengine, na siku hiyo alinikaribisha ndani, akaniletea sahani ya ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu, akanishukuru kwa kuja. Nikaila, Shangazi. Kisha nikapita kwa wale wazee watano, nikachukua simu zao, sikuwaambia kitu.

Ofisini Plamen aliuliza kwanza, "Umezipata?"

"Tano. Kuna mtu amekufa, Plamen."

"Najua. Amekufa kwa nyonga na baridi. Sisi tuliuza mchoro."

"Haukufanana na mchoro."

"Kaa chini, dada, tuongee kama watu wazima," akasema, na tangu siku hiyo ananidai mambo mawili, na mwisho wake ni Ijumaa hii. La kwanza nimwandikie waraka wa kupendekeza zana tutakayotumia mwaka huu wote, maana kuna mteja mpya anataka mfano kwa siku kumi. La pili nisaini karatasi inayosema tulimwonya Galina kwa maandishi, yenye tarehe ya mwezi wa kumi na mbili, na hatukumwonya kwa maandishi wala kwa mdomo. Violeta anaondoka Jumapili baada ya arobaini. Nipendekeze zana ipi, Shangazi, na je, nimwambie, maana nikimwambia kazi sina, na nisipomwambia sijui nitaishi vipi.

Ralitsa, Plovdiv


Ralitsa mwanangu,

Nimekuhurumia. Nimekukasirikia pia, na hasira itasikika humu, uivumilie.

Tuanze na zana kwa kuwa ndiyo rahisi. Unaniuliza kana kwamba kosa limelala ndani ya mojawapo. Mpwa wangu anafanya kazi kama yako huko Sofia, nimemuuliza, na jibu lake ninakupa kama lilivyo. Ile inayong'aa itumie mezani kwako, mteja akiwa mbele yako, kwenye simu yako, na mteja akiondoka simu inabaki. Kinachotoka mlangoni kiwe cha penseli. Na kitufe kisichofanya kazi kiandike kwamba hakifanyi kazi kila kinapobonyezwa. Hayo yaweke kwenye waraka, nusu ukurasa unatosha. Wateja watanuna, waache wanune. Mteja anayesaini kwa ajili ya rangi hajui ananunua nini, na wewe ulilijua hilo ukalitumia.

Galina ana lake la kujibu, tena kubwa. Usijifiche nyuma yake. Mwenzako alikwambia uandike mstari mmoja, ukachagua sura.

Ile karatasi usiisaini. Tarehe ya uongo ni kosa la jinai, na siku mambo yakigeuka Plamen ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitoa mfukoni. Usifute hata skrini moja. Tafuta mwanasheria, kisha nenda kwa mpelelezi mwenyewe kabla hajakuita.

Violeta mwambie kabla ya Jumapili. Usiende kuomba msamaha, maana utamwachia yeye kazi ya kukubembeleza. Nenda ukaeleze. Rudi pia kwa wale watano uliowanyang'anya simu bila neno. Lakini kabla yao wote mwone mzee Mitko. Kurasa zote hizi, na hujajiuliza hata mara moja yule mzee analalaje. Anaamini yeye ndiye aliyechelewa kupiga simu. Mimi, huyo ndiye aliyeninyima raha.

Wasomaji, haya nilimwambia Ralitsa kwa simu siku barua ilipofika, kwa kuwa Jumapili isingelingoja gazeti. Leo ni wiki tatu baadaye, nayachapa kwa ruhusa yake.

Hakusaini. Ijumaa jioni alikuwa hana kazi. Zdravka alimsaidia kubeba vitu vyake hadi kwenye gari.

Jumamosi alipanda kijijini. Mzee Mitko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama bibi angepona endapo angepiga 112 mara moja. Ralitsa akajibu kwamba hilo hajui, ila ajuacho ni kwamba aliyewaambia wasubiri ni yeye mwenyewe, Ralitsa. Mzee akaingia ndani akafunga mlango.

Violeta hakulia, wala hakupaza sauti. "Kila Jumapili nilikuwa nampigia, namwambia mama, panda ndege uje ukae nami majira ya baridi," alisema. "Mwaka huu akanijibu, 'Ya nini, mwanangu, sasa nina kitufe.' Na mimi nikaacha kumsihi."

Kisha akamvutia Ralitsa kiti.

"Kaa hapo uandike," Violeta akamwambia. "Kwa maneno ninayoyaelewa mimi. Na jina lako chini."

Akaandika kurasa mbili kwenye meza ya jikoni. Violeta hakuondoka Jumapili. Jumatatu alizipeleka kwa mwendesha mashtaka, na wiki iliyofuata akapoteza ile kazi ya Ujerumani.

Wazee watano wamekwisha kuelezwa. Mmoja wao, mama mwenye mguu mbovu, alisikiliza akauliza kitufe cha kweli kitaletwa lini. Hakitaletwa. Shirika limefunga mradi, na kampuni haiuzungumzii tena.

Ralitsa, ukiitwa nenda na mwanasheria wako, jibu unachoulizwa, usipunguze. Ukipata kazi nyingine ya namna hiyo, na utapata, lile ulilojifunza liseme siku ya kwanza, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Nanyi wengine mlio na mzazi huko juu, msimtumie ujumbe. Pigeni simu leo, mumwambie akianguka apige 112 mwenyewe, azungumze na mtu, na asikate mpaka mtu huyo amjibu kwa sauti.

Evdokia