Mawe ya Juu ya Duka la Babu

Wanjiru, mtoto wa dadangu,

Hapa Kitengela tuko sawa, na goti ya mamako imepona. Unauliza kama fundi atoe yale mawe juu ya duka la babu huko Kajiado. Ngoja kwanza. Siku upepo ulitaka kubeba mabati, ni mimi peke yangu nilipanda nikayalalia. Yakaniinua mpaka nikaona Namanga! Babu akapiga kelele, "Unga yangu!" Wateja Wamaasai wakacheka: "Huyu kijana ni mwepesi, ongezeni mawe." Kila mteja akaleta jiwe lake, hata koko mmoja, nyanya wa kutembea na fimbo.

Nimejisifu na hiyo paa maisha yangu yote. Lakini mimi nilishuka jioni. Mawe bado yako juu. Fundi aweke mabati mapya, halafu arudishe mawe.

Mjombako Kamau