Mama Hodi, na Msitu Tuliokufungia

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuaga ukiwa bado na matope kwenye viatu. Watu husema mwaka hutuliza. Sisi haujatutuliza hata kidogo. Tumekuwa watu wa kumimina chai na kuiacha ipoe, wa kusimama mlangoni tusijue tulikuwa tunakwenda wapi. Ni haki yako tukueleze kwa nini.

Majirani walikuita Mama Hodi. Hukuingia kwenye msitu wa ukoo bila kusimama ukingoni, ukapiga hodi, kisha ukataja ulichofuata: "Nimekuja kuchukua gome la dawa ya mtoto, basi." Wajukuu wakicheka, uliwauliza, "Kwani kwa watu mnaingia tu kama mbuzi?"

Gome lenyewe ulichuna kipande chembamba, upande mmoja tu, na kidonda cha mti ukakipaka udongo mbichi. Hukuugusa tena mpaka upone. Kwa kweli miti uliibembeleza kuliko sisi. Mwanao dereva wa lori hadi leo analalamika kwamba alipovunjika mguu alipata pole moja, lakini mti uliovunjika tawi uliupa pole mchana kutwa.

Na hukuwa mchoyo. Asali ya kwanza ilikwenda kwa wajane kabla sisi hatujalamba kidole. Mtu akija kuomba dawa usiku wa mvua, ulimkalisha jikoni kwanza, ukampa kitu cha moto, ndipo ukamuuliza anaumwa nini.

Ulipofariki, Baba Mdogo alisema msitu ufungwe mwaka mzima kwa heshima yako. Hakuna kuingia, hakuna kuchuma, hakuna kukata hata ufito. Tulikubali sote kwa machozi. Tukafunga kamba kwenye njia yako ya kuingilia, tukajiona watu tunaojua mila.

Kumbe tulikuwa tunakuharibia kazi. Siku moja mkweo muuguzi alirudi na ndoo nusu, maji yenyewe ya matope. Chemchemi ya mle msituni ilikuwa imezibwa na majani, na hakukuwa na mtu wa kuyazoa. Ukisimama penye kamba uliona mimea ya kutambaa imeifunika miche yako, imeikaba mpaka imepinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sisi tulikuwa tumekaa tunautazama ufa kwa adabu.

"Mwacha mila ni mtumwa," Baba Mdogo alisisitiza. "Mwaka haujaisha."

"Na mwaka ukiisha msitu nao umeisha, tutafungua nini, Baba Mdogo?" aliuliza binti yako mkubwa.

Wakanuniana. Huyo binti yako ndiye aliyetutia wasiwasi zaidi. Fundi cherehani hodari kama yeye alianza kushona mikono ya magauni nje ndani, wateja wakirudisha nguo huku wanacheka. Kila jioni alikwenda hadi kwenye kamba, akasimama, akarudi. Alijua ulitaka yeye ndiye aushike msitu baada yako, na msitu ulikuwa unamfia machoni.

Juzi, tulipokaa kupanga kumbukumbu hii, aliinuka ghafla. "Baba alipofariki, Mama aliufunga msitu?"

Tuliangaliana. Hakuna aliyekuwa amesahau. Udongo wa kaburi haukuwa umekauka, wewe ukachukua panga ukaingia msituni. Mawifi zako walikusema kwamba huna uchungu. Sisi wanao tulikuonea aibu, tukawaambia wageni unaumwa, umelala.

"Alikwenda kumalizia upande wa Baba," binti yako alisema. "Baba alikuwa hajamaliza kufyeka."

Baba Mdogo alivua kofia. Kisha akauliza, "Nani ana panga lenye makali?"

Leo asubuhi tunaikata ile kamba. Hatukufichi, tunaogopa. Miaka yote tulikufuata nyuma tukibeba ndoo na kupiga soga, hatukuangalia mikono yako ilishika nini na iliacha nini. Mimea mingine ya kutambaa uliifyeka, mingine ukaipita ukiinama. Hatujui kwa nini. Binti yako atatangulia, na yeye mwenyewe anasema anajua nusu tu.

Wanaokukumbuka ni binti yako mkubwa, fundi cherehani. Mwanao dereva wa lori na mkewe, mwenzako wa stori za jikoni, mkweo muuguzi. Shemeji yako Baba Mdogo. Mawifi zako, ambao wameomba tukufikishie samahani yao. Na wajukuu zako wote.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na zaidi pale tutakapoinua panga, tusiwe na uhakika, na wa kumuuliza hayupo.