Dalali Uliyenitumia

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, yule mdogo kikohozi kimemwachia? Juzi ulipopiga simu nilimsikia nyuma yako akikohoa kama mzee, na tangu siku hiyo wifi yako ananiuliza habari zake kana kwamba mimi ndiye niliyemtibu. Sisi tu wazima. Mvua haijakatika wiki nzima, nguo tunaanika ndani, na chumba kinanuka sabuni mpaka kwenye chai.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu moja: simu yako ikiita tu, mama anapunguza redio. Haya ninayotaka kukwambia sitaki ayasikie kabla hujanijibu.

Mwenyewe anakusalimu sana. Anakula vizuri, na ulimi ndio ule ule unaoujua. Magoti ndiyo tabu. Hajakanyaga chini tangu ile siku ya kliniki, na siku hiyo tulimbeba kwenye kiti, mimi na jirani yetu fundi wa kuchomelea, ngazi zote hizi, naye kajifunika mtandio usoni ili watu wasimwone. Sasa anashinda dirishani akitazama wanaotembea. Halalamiki, lakini mimi nakaa naye, naona. Na mwenye jengo ametukumbusha tena kwamba mwisho wa mwezi ujao anavitaka vyumba vyake.

Sasa nije kwenye hili la dalali. Uliponiambia tusinunue nyumba bila dalali nilikunja uso, na najua ulijua nitakunja. Mimi kazi yangu ni stoo ya mbao. Kila dereva anayeingia getini anaapa kwamba mzigo umetimia, nami nikihesabu mwenyewe hakukosekani kitu kilichopungua. Nimezoea kumtazama mtu mikono badala ya mdomo. Nikajiuliza, mtu anayepata chake nyumba ikiuzwa, ataniambiaje kwamba nyumba ni mbovu? Anakula huku na huku, kwa muuzaji na kwa mnunuzi, wewe unabaki na ufa wako ukutani.

Basi akaja. Mama wa makamo, mnene kidogo, viatu vya mpira na mwavuli mkubwa wa kiume. Mtaani wanamwita Bi Taratibu, na jina limemkaa kweli kweli, maana ukitembea naye unafika ukiwa umeshasahau ulikuwa unakwenda wapi. Nilitegemea ataanza kusifia. Hakusifia chochote, na hilo likanitia shaka zaidi.

Nyumba ya kwanza niliipenda. Nilishaanza kupanga kitanda cha mama kitakaa upande gani. Yeye akatoka, akavuka barabara, akabisha kwa jirani na kuomba maji ya kunywa. Kumbe ndivyo anavyofanya kazi. Popote aendapo lazima aombe maji kwa jirani, anywe polepole, apige soga, aulize watoto wanasoma wapi, kisha ndipo arudi. Siku hiyo aliporudi alisema, "Tuondoke. Mvua kubwa ikinyesha, hapa watu wanalala juu ya meza." Nyumba ya pili vile vile, alikunywa maji yake, akarudi akasema ukuta wa uani umemega kiwanja cha mtu na wanakaribia kupelekana mahakamani.

Nikasema moyoni, huyu ananipiga chenga. Dalali gani anakataa kuuza? Nikaona nyumba nzuri anawawekea watu wake, mimi ananitembeza tu mpaka nichoke nipokee chochote. Wifi yako alinicheka. Alisema mimi nikipewa chai nashuku majani, nikinyimwa nashuku sufuria.

Hapo ndipo akajitokeza fundi kabati. Wewe humjui. Ni mteja wetu wa stoo, mtu wa utani, ananunua mbao kwetu tangu nilipoanza kazi, na hajawahi kunidanganya hata kipande. Akaniambia anauza nyumba yake kwa sababu anahama, mkewe na watoto wameshatangulia, amebaki peke yake.

"Kwa kuwa ni wewe, tumalizane wenyewe kwa wenyewe," aliniambia. "Dalali wa nini? Hela ya dalali mnunulie mama godoro."

Nilikwenda kuiona siku hiyo hiyo. Vyumba vitatu, sakafu imenyooka, mlango mpana, bomba liko uani na hakuna ngazi hata moja. Dada, nilipomsimulia mama, redio hakuipunguza, aliizima kabisa. Akaniuliza bomba liko mbali kiasi gani na mlango. Nikamwambia ni karibu, atafika mwenyewe bila kushikwa. Akacheka kama zamani, na mimi nikajiona nimeshanunua. Nikamwahidi fundi kwamba Jumamosi namletea malipo ya kwanza kutoka katika zile hela ulizotuma.

Nikaenda kumringia Bi Taratibu, nikitaka ajue kwamba tumeweza bila yeye. Hakukasirika. Aliniomba tu nimpeleke aione mara moja, nami nikampeleka ili roho imuume.

Kuta hakuzitazama. Fundi alipoingia chumbani kutafuta hati, mwenzangu alikwenda uani akasimama mbele ya kamba ya nguo. Palikuwa na sare za shule, kubwa na ndogo, bado zinachuruzika maji. Mimi nilikuwa nimeona nguo kama hizo siku ile ya kwanza na hazikuniambia kitu, niliona nguo tu. Akatoka kuomba maji kwa jirani, kama kawaida yake. Aliporudi alinivuta pembeni.

"Usilipe kwanza."

"Kwa nini?"

"Nipe mpaka Ijumaa. Nikikwambia sasa utakwenda kumuuliza fundi, na fundi atakuwa na jibu."

Hapo machale yakanicheza. Niliona anataka kuiharibu biashara isiyo na kamisheni yake, au basi anizunguke, nyumba ampe mtu mwingine. Alhamisi nikaaga kazini kwamba jino linauma, nikamfuata. Ungeniona ungecheka: mimi na urefu wangu huu, nimejibanza nyuma ya rundo la ndoo za mwanamke mmoja mchuuzi, naye ananiuliza nataka ya rangi gani. Na kumfuata Bi Taratibu ni kazi ngumu, maana lazima usimame kila mara usije ukampita.

Aliingia kwa dobi. Nikasogea dirishani. Alikuwa ameinamiana na mwanamke mmoja anayepiga pasi, wananong'ona, nami nikasikia "fundi" na nikasikia "nyumba". Damu ilinichemka. Nikajua wazi kwamba huyo ndiye mnunuzi wao, na nyumba ya mama ndiyo hiyo inauzwa mbele ya macho yangu.

Nikaingia kwa kishindo. "Nimewakamata!"

Yule mwanamke alinitazama, pasi mkononi. "Umemkamata nani? Na wewe nani?"

Bi Taratibu wala hakuinuka. "Huyu ndiye mnunuzi," alimwambia.

Mwanamke akaiweka pasi juu ya shati la mtu na kuisahau pale pale. "Kumbe ni wewe unayenunua nyumba ninayolala?"

Alikuwa mke wa fundi kabati. Hajatangulia popote. Analala mle mle na watoto wake, na kila mtu akija kuitazama nyumba, fundi anawatuma kwa bibi yao kwa kisingizio hiki au kile. Kiwanja walinunua pamoja, sehemu yake ikitoka katika pasi hiyo hiyo. Kuuza alikuwa hajaambiwa, na huko wanakohamia hakukujua. Bi Taratibu alipata habari zake kwa jirani, kwa kuuliza tu sare zile ni za watoto wa nani.

Dada, niliona aibu ambayo sijui hata niielezeje. Nilikuwa namtafutia mama yangu mahali pa kukaa kwa kumtoa mama wa watu mahali pake, na nilishafurahi. Yule mwanamke alilia bila sauti huku shati likiungua, na ilibidi mimi ndiye niiondoe pasi.

Tulipotoka nje Bi Taratibu alinieleza vizuri. Ningelipa Jumamosi, mke angekwenda mahakamani Jumatatu, na ana haki yake. Kesi ingevutwa mwaka hata miwili, fundi angekuwa ameshazitumia hela, na mama angeendelea kukaa dirishani, kama dirisha lenyewe tungekuwa nalo. Alisema neno moja ambalo nimeshindwa kulipinga, na nimejaribu.

"Muuzaji anaijua nyumba yake tangu msingi. Wewe unaiona nusu saa, tena una haraka na unataka kuipenda. Lazima kuwe na mtu wa upande wako ambaye haipendi."

Fundi kabati haji tena stoo. Anamtuma mtu, na mbao zake nazihesabu mara mbili.

Ningeweza kuishia hapo, nikakushukuru kwa ushauri mzuri. Lakini unanijua, sikuweza kuliacha. Huyu mama amekwisha kukataa nyumba tatu, na nyumba isiyouzwa haimpi kitu. Nikamuuliza kinagaubaga ni nani anayemlipa kwa kuzunguka kote huko kwa madobi.

Alinishangaa. Alidhani najua. Akaniambia ni wewe, kwamba ulipatana naye kabla hujaniambia neno lolote, na kwamba kazi uliyompa haikuwa kutafuta nyumba tu. Ulimwambia asiniache nikubali wala nilipe kitu peke yangu. Akanipa na maneno yako, bila ubaya, kama mtu anayesalimia: "Dada yako alisema unamshuku kila usiyemjua, na unamwamini kila unayemjua."

Hilo liliniuma, dada. Sikufichi. Nilirudi nyumbani nikasukuma sahani, wifi yako akadhani jino ni kweli. Mimi ndiye ninayemnyanyua mama asubuhi, ndiye ninayemnyanyua jioni, ndiye ninayemdanganya kwamba ngazi zitatengenezwa. Kumbe huko uliko ulikuwa umeshanitafutia mtu wa kunitazama mikono. Niliandika barua nyingine kabla ya hii, ya maneno mabaya, nikaichana. Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba ulisema kweli. Kama ningeachiwa nimshuku dalali huyu na nimwamini fundi yule, leo tungekuwa hatuna kitu.

Sasa Bi Taratibu ana nyumba nyingine ya kutuonyesha. Ni ndogo kuliko ya fundi, vyumba viwili na jiko, lakini iko chini na mlango unapitisha kiti. Wauzaji ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na mkewe. Bi Taratibu aliwakalisha wote wawili kwenye benchi moja na kumuuliza kila mmoja, mwenzake akisikia, kama anauza kwa hiari yake. Mke alisema anauza, lakini baada ya mjukuu kumaliza mtihani, na mume ndiyo kwanza analisikia hilo. Basi likajadiliwa hapo hapo mpaka likaisha. Majirani wa pande zote ameshakunywa maji yao. Mpimaji amepima kiwanja na ukuta haujamega cha mtu. Hati anaichunguza wakili wetu, si wakili wao, na hilo nalo ni yeye aliyelishikilia, mimi ningekubali wakili mmoja kwa wote ili tubane matumizi. Hata bei ameishusha, kwa kulitazama paa tu na kuguna.

Usidhani nimegeuka mtu mwingine. Nilimuuliza kama yule mwalimu si binamu yake, akacheka sana. Jana mvua ilipokaza nilikwenda kule bila kumwambia, nikasimama nje kama mwizi kuona maji yanaelekea wapi. Yanakwenda mtaroni, nyumbani hayaingii. Bado namwangalia, na nitaendelea kumwangalia mpaka siku tutakayoingia.

Mama sijamwambia neno. Alipozima redio kwa ajili ya ile nyumba ya fundi, na mimi baadaye nikaja kumwambia haipo, aliiwasha tena, akaniambia si kitu mwanangu. Sauti aliyosema nayo sitaki kuisikia tena maishani.

Kwa hiyo uamuzi ni wako, na naomba unijibu upesi, mwezi ujao si mbali. Nimemwambia Bi Taratibu isilipwe hata shilingi kwa neno langu, asubiri lako. Endelea naye, ni mtu wa kazi. Na ukitaka kumuuliza habari zangu, muulize, sikukatazi. Ila mimi ndiye ninayeishi hapa na mama, dada. Ukiwa na shaka na mimi, niulize mimi kwanza. Nitakujibu ukweli, hata kama utanichelewesha kulala.

Nisalimie shemeji, mwambie deni la mchezo wa karata sijalisahau. Wabusu wapwa zangu, hasa mkohozi wetu. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamuulizia shangazi yao kila wakiona ndege inapita. Mungu akulinde katika kazi hiyo ya kulea wazee wa watu, na akujalie uje umwone mzee wako akisimama kwenye mlango wake mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda, na hilo usimtume mtu kulichunguza.