Gurudumu Linarudi Nyuma

Kasongo, Jumatano, baada ya magaribi

Tena limerudi nyuma. Nakanyaga mashini ya kushona, gurudumu linazunguka kinyume, uzi unakatika. Kosa la mutu anayeanza! Mimi niliyefundisha nusu ya wanawake wa mutaa huu.

Ni muguu wa kuume. Tangu kiharusi, nauambia shuka, unashuka wakati gurudumu limeshapita.

Dokta alisema kwenye miji mikubwa iko chombo cha kupitisha umeme kidogo kichwani, mutu akizoeza muguu, ili ubongo ujifunze upya. Nikauliza, "Na huku?" Akasema, "Huku, mama, iko kukanyaga tu. Hata kule, umeme peke yake haufundishi muguu."

Basi nakanyaga. Naogopa ubongo umeshasahau kabisa, na hakuna anayetaka kuniambia.

Zaina, mukewenzangu, bibi mudogo, anangoja nimalize ndiyo ashone nguo za wateja wangu. Nilimufundisha mwenyewe, kwenye mashini hii hii. Leo niliporudi kutoka kusali alasiri, alikaa karibu, akashika gurudumu, akalisukuma mbele. "Polepole, yaya," akasema, kama kwa dada mukubwa. Maneno yangu mwenyewe, na sauti yangu.

Likazunguka vizuri. Macho yangu yalikuwa kwenye muguu. Nilifurahi, kweli nilifurahi, nikavuta kitambaa nione mushono.

Hakikuwa na tundu hata moja. Alikuwa ametoa sindano, kama nilivyomutolea yeye siku ya kwanza, asijichome.